Dawa Inayoamshwa na Ini

Tulimzika Daktari Ambokile siku ya mvua, na mwongoza ratiba akanipa dakika mbili. Kabla yangu walikuwa wamezungumza diwani, mtu wa kanisa, mtu wa ukoo, na kijana mmoja mwenye suti ya kubana aliyesoma wasifu wa marehemu kwenye simu, akiruka miaka kama mtu anayeruka madimbwi: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, akaenda Botswana, akarudi, akastaafu, akaugua, akalala. Mwaka ninaoujua mimi haukuwamo. Nilisimama na maneno yangu tayari, nikaona miamvuli, nikaona watu wanaopima kwa macho umbali wa kutoka makaburini hadi kwenye masufuria ya wali, nikaelewa kwamba siwezi kuwaeleza watu hawa, chini ya mvua ile, jinsi dawa moja inavyofanya kazi ndani ya seli ya binadamu. Nikasema marehemu alikuwa mtu mwema na alipenda kazi yake. Watu wakaitikia, nikaketi. Tangu siku hiyo nimekaa na hasira ndogo isiyotoka, kama mwiba wa samaki kooni, na naandika sura hii ili niuteme.

Nilikuwa nesi mpya. Hospitali niliyopangiwa sitaitaja, maana majengo bado yapo na walio ndani yake leo hawahusiki. Ilikuwa juu ya mji wa Tukuyu, mahali ambapo ukungu uliingia wodini asubuhi kabla ya daktari. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru. Mji ulikuwa umefunguka ghafla: sabuni za kila rangi, redio za kaseti, mitumba iliyorundikwa juu ya maturubai, mafundi na makuli wenye saa za mkononi. Kila kitu kilipatikana, isipokuwa vile ambavyo hapo zamani vililetwa na serikali bila mtu kuviuliza. Stoo ya dawa ya hospitali ilikuwa chumba chenye rafu za mbao zilizopakwa rangi ya kijani, na nilipoingia mara ya kwanza nilidhani wanahama. Yule aliyenipokea akaniambia kwamba siku hizi mgonjwa anachangia, na kwamba kisichokuwepo mgonjwa atakinunua nje. Alisema "nje" kana kwamba ni jina la duka.

Daktari Ambokile alikuwa na miaka kama thelathini na mitano, mwembamba, mwenye sweta moja la bluu lililochoka viwiko. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu uliowafanya wauguzi wamcheke: alipenda kueleza. Madaktari wengine waliandika na kuondoka. Yeye aliketi kwenye kitanda cha mgonjwa na kuanza na mwanzo. Wauguzi walisema ukiwa zamu na Ambokile, beba chakula. Mimi nilimpenda kwa sababu hiyo hiyo. Nilikuwa nimetoka chuoni na kichwa changu kimejaa majina ya dawa nisizojua zinafanya nini zikishapita kwenye sindano, na yeye alikuwa mtu wa kwanza kunipa ruhusa ya kuuliza.

Sekela aliletwa na wazazi wake kutoka Kisondela, mtoto wa miaka sita au saba, akiwa amefungwa kanga kichwani kama mtu mwenye jino bovu. Mama yake alipoifungua, nilishindwa kuzuia uso wangu. Taya la kulia lilikuwa limevimba kiasi cha kusukuma jicho juu, na ndani ya mdomo meno yalikuwa yanacheza kwenye fizi, yamepinda kila moja upande wake. Baba yake, mkulima wa ndizi mwenye sauti ya polepole, alisema uvimbe huo haukuwepo wakati wa kupalilia. Yaani ulikuwa wa wiki chache tu. Daktari aliugusa, akaufinya, akachukua sindano nyembamba akatoa kitu kidogo, akakipaka kwenye kioo, na baada ya kukaa na hadubini alirudi akiwa amebadilika. Aliniita kando.

"Nesi Tupo, hii ni saratani inayokua haraka kuliko zote ninazozijua," alisema. "Na kwa sababu hiyo hiyo, ndiyo inayouawa kirahisi kuliko zote. Ukiwa na dawa."

Dawa ilikuwepo. Hilo ndilo linalonichoma mpaka leo, kwamba ilikuwepo kidogo. Kwenye kabati la ofisi yake alikuwa na chupa chache za unga mweupe, saiklofosfamidi, zilizoachwa na daktari mgeni aliyemaliza mkataba. Zilitosha mtoto mmoja kwa mara moja, na matibabu yenyewe yalitaka kurudiwa kila baada ya wiki kadhaa. Daktari aliamua aanze. Alisema akingoja zipatikane zote, mtoto atakuwa ameshakufa, na sikuona cha kubisha.

Siku ya sindano aliwakalisha baba na mama kwenye benchi ndani ya ofisi yake, chumba kidogo chenye dirisha linalotazama mashamba ya chai. Palikuwa na chai ya rangi kwenye vikombe vya bati na magimbi ya kuchemsha. Baba yake Sekela ndiye aliyeanza, na aliuliza swali ambalo lilimfurahisha Daktari kiasi kwamba alisimama.

"Daktari, ugonjwa uko tayani. Kwa nini sindano mnamchoma mkononi?"

"Kwa sababu hii dawa, baba, ikiwa chupani imelala. Hata ningeimwaga yote juu ya uvimbe wenyewe, uvimbe usingejua kama umemwagiwa kitu. Dawa lazima ipite kwenye damu ifike kwenye ini. Ini ndilo linaloiamsha. Linaibadilisha inakuwa kitu kingine, na kitu hicho ndicho kinachotoka kwenda kutafuta ugonjwa mwili mzima."

"Hata mahali tusipoona?"

"Hata huko."

Baba aliitikia kwa kichwa. Mama, mwanamke mdogo, alikuwa amemlaza mtoto mapajani. Daktari akaendelea, na hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika, ingawa wakati ule nilikuwa nasikiliza kwa mdomo wazi. Alieleza kwamba mwili umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana, na ndani ya kila chumba mna nyuzi mbili ndefu zilizosokotwa pamoja, ambazo ndizo zenye maagizo yote ya mwili. Chumba kikitaka kuzaa chumba kingine, nyuzi lazima ziachane, kila kimoja kipate wake. Saratani ni vyumba vinavyozaana bila kusikia la mtu. Ile dawa ikishaamshwa na ini huingia ndani ya vyumba, na humo inavunjika vipande viwili. Kipande cha kwanza kina mikono miwili: mkono mmoja unashika uzi huu, wa pili unashika uzi ule. Nyuzi haziachani tena. Chumba kinahangaika kuzaa, kinashindwa, kinakufa. Vyumba vingi vya afya vina njia ya kuipoza dawa kabla haijavunjika, ndiyo maana mtoto hafi pamoja na uvimbe wake. Na kile kipande cha pili hakina kazi ila kuchoma, kinashuka kwenye kibofu, kwa hiyo mtoto anyweshwe maji, maji, maji, mpaka aombe msamaha.

"Kwa hiyo dawa inafanya nini hasa?" baba aliuliza, akitaka neno moja la kwenda nalo nyumbani.

"Inafunga," Daktari akasema, na akakunja vidole vya mikono yake miwili akavishikanisha. Kisha akarudia kwa Kinyakyusa, kwa msisitizo, kwa sababu bibi wa Sekela alikuwa ameketi mlangoni kwenye mkeka na alitaka naye asikie. "Inazifunga zisizae."

Bibi alitazama ile mikono iliyoshikana. Nakumbuka aliitazama kwa muda mrefu.

Yaliyofuata sijawahi kuyaona tena katika maisha yangu yote ya uuguzi. Tulimtundikia Sekela chupa asubuhi, na kabla wiki haijaisha lile taya lilikuwa linayeyuka mbele ya macho yetu. Kila nilipoingia zamu nilikuta uso mwingine. Jicho lilishuka mahali pake. Akaanza kutafuna. Mama yake, ambaye mpaka wakati ule sikuwa nimesikia sauti yake ikizidi mnong'ono, alimlisha mbalaga, ndizi zilizopikwa na maziwa mpaka zikawa laini, na kila mtoto alipomeza alijifuta uso kwa upindo wa kanga. Nilimnywesha maji mimi mwenyewe kwa kikombe cha plastiki, akawa ananikimbia kila akiniona. Nywele zilianza kutoka, akawa anazikusanya juu ya mto wa kulalia, akicheka. Wagonjwa wa vitanda vingine waliacha kulala mchana ili wamtazame. Daktari alikuwa akipita asubuhi anaupima uvimbe kwa rula, mpaka siku moja akairudisha rula mfukoni bila kuitumia.

"Haujaisha," aliniambia kwenye korido. Aliona furaha yangu na ikamuudhi. "Vimekufa vile vilivyokuwa vinazaana. Viko ambavyo siku ile vilikuwa vimepumzika. Hivyo vikipata muda, vinajifungua nyuzi zake polepole, kisha vinaanza upya. Ndiyo sababu tunarudia. Tukimwacha hapa tulipofika, tumempumzisha tu."

Kurudia kwa kitu gani, ndilo lilikuwa swali. Aliandika mkoani, akajibiwa kwamba hakuna. Alituma salamu Dar es Salaam kwa mtu aliyesoma naye, akaambiwa zipo kwenye maduka ya watu binafsi. Hapo ndipo alipoingia Hamisi, mwenye duka la dawa mtaa wa Bagamoyo pale Tukuyu, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma aliyeuza dawa za malaria upande mmoja wa kaunta na betri, viberiti na mafuta ya kupaka upande wa pili. Ruksa ilimfaa Hamisi kuliko wote tuliowajua, na alikuwa hana aibu nayo. Baba yake Sekela aliuza alichouza, sikuuliza nini, akampa Hamisi kazi ya kuagiza. Tulisubiri. Siku ya kurudia dawa ilifika na kupita. Mama aliniuliza kila asubuhi kama basi limefika, na nilichukia jibu langu.

Mzigo ulipofika Hamisi aliuleta mwenyewe, anatembea haraka, kiboksi kidogo cha katoni amekikumbatia. Daktari alikifungua mezani. Chupa zilikuwa nzima, lakini ndani hamkuwa na unga. Palikuwa na kitu kizito cha rangi ya manjano kilichogandamana pembeni, kama asali iliyokaa.

"Zilisafiri wapi ndani ya basi?" Daktari aliuliza.

"Dereva ni jamaa yangu," Hamisi alisema. "Nilimwambia asiziweke kwenye buti zikaibiwa. Aliziweka karibu naye, pale juu ya injini, azione muda wote."

Daktari aliketi. Safari nzima, joto la Morogoro juu, injini chini. Katika mji wetu mafuta ya nazi hugandia kwenye chupa mpaka uyaweke jikoni, na dawa yetu ilikuwa imefika hapo ikiwa imeshayeyuka. Alizipanga zile chupa kwa mstari, akazitazama moja moja dhidi ya dirisha, akitafuta hata moja iliyonusurika. Hakuna.

"Hii siwezi kuitumia," alisema.

Baba yake Sekela alikuwa amesimama nyuma ya Hamisi. "Ni dawa ile ile, Daktari. Imeyeyuka tu. Siagi ikiyeyuka si siagi?"

"Siagi, ndiyo. Hii haiko hivyo, baba. Ikishayeyuka imeanza kuharibika. Sijui iliyobaki ni kiasi gani, na sijui imegeuka nini. Nikimchoma, ini lake huenda lisikute cha kuamsha, nasi tutakaa tukidhani ametibiwa."

"Lakini huna hakika kwamba imeharibika yote."

"Sina."

"Basi mchome. Mimi ndiye baba yake, nasema mchome."

"Nami ndiye nishikaye sindano. Siwezi."

Hawakupaza sauti. Ingekuwa afadhali wangepaza. Baba alichukua kofia yake mezani akatoka, na Hamisi akabaki anazikusanya zile chupa kwenye boksi, akisema kwa sauti ya chini, mara mbili tatu, kwamba alimwambia dereva azitunze. Nilikuwa upande wa baba siku ile, nakiri waziwazi. Nilitaka tumchome chochote. Nilichukia ujuzi unaokwambia kwa usahihi kabisa kwa nini huwezi kufanya kitu. Leo najua Daktari alikuwa sahihi, na bado nikiikumbuka ile meza nasikia hasira ile ile, safi, kama ilivyokuwa.

Nyuma ya wodi palikuwa na banda la kupikia la ndugu wanaouguza wagonjwa, mafiga matatu matatu na moshi usiokuwa na pa kutokea. Kesho yake mchana nilipita hapo kufuata maji ya moto nikasikia sauti ya bibi. Alikuwa anamenya ndizi na kuwasimulia wanawake wengine.

"Daktali alisema kwa mdomo wake. Amemfunga mtoto asizae. Alifanya na mikono, hivi. Na sasa hiyo dawa ya pili imegeuka kamasi. Imekataa. Kitu kikikukataa unakilazimisha?"

Mmoja wa wale wanawake akasema kwao pia kuna binti alifungwa, akaachika mara mbili. Mwingine akasema anajua mtu wa kufungua, huko bondeni. Niliweka ndoo chini nikaingia. Nikasema bibi, shikamoo, Daktari alisema dawa inazifunga nyuzi za ugonjwa, ugonjwa ndio usizae. Bibi akasema marahaba mjukuu wangu. Akasema ndaga fijo, asante sana kwa kunieleza. Akaniuliza kama nimekula. Nilirudia tena, kwa Kinyakyusa, na safari hii nilisikia mwenyewe jinsi maneno yalivyokuwa yanatoka: kufunga, kuzaa, mtoto, ndani. Hakuna namna ya kuyapanga yasiwe ya kutisha. Wale wanawake walinitazama kwa huruma, kama mtu aliyetumwa.

Asubuhi iliyofuata kitanda cha Sekela kilikuwa kimetandikwa vizuri. Walikuwa wameaga wagonjwa wenzao mmoja mmoja.

Hamisi ndiye aliyetushangaza. Hakuna aliyemwagiza tena. Alipokwenda Dar kufuata bidhaa zake alitafuta zile chupa mwenyewe, akazifungia kwenye kitambaa kibichi, akaziweka ndani ya hotipoti, lile bakuli lenye mfuniko ambalo mkewe aliwekea chapati, na akalipakata mapajani safari nzima. Alipolifunua ofisini unga ulikuwa mweupe, mkavu, unatikisika. Daktari aliitikisa kila chupa sikioni. Kisha akavaa viatu vya kutembelea, akaniambia twende Kisondela.

Siku hizi unapanda bodaboda unafika kabla jasho halijakutoka. Sisi tulikwenda kwa miguu kwenye njia za migomba, tope likituvua viatu. Tulimkuta Sekela uani, kipara kinang'aa, akikimbizana na kuku. Uso wake ulikuwa uso wa mtoto yeyote. Nilimwona Daktari akimtazama, nikajua tumeshashindwa kabla hatujaketi.

Tuliketi sebuleni, chumba chenye kalenda ya zamani na viti vya mbao vilivyofunikwa vitambaa vya kushona. Tulikaribishwa jinsi watu wa kule wanavyokaribisha: maji ya kunawa, maziwa ya mgando, ndizi, maharage, parachichi lililokatwa. Kila Daktari alipofungua mdomo aliambiwa ale kwanza. Tulikula. Baba alikuwa shambani, au alisemekana yuko shambani. Mwishowe mama akaketi mbele yetu, bibi pembeni yake.

"Nimeleta dawa nzima," Daktari alisema. "Haijayeyuka. Naomba turudi na mtoto."

"Mwone," mama alisema. "Anacheza."

"Namwona. Lakini ndani yake vimebaki vichache vilivyokuwa vimelala. Viko kimya sasa. Vitaamka."

"Utajuaje kwamba vipo?"

"Siwezi kukuonyesha. Wewe utavijua kabla yangu. Kila asubuhi mguse magego, maana ya mbele hucheza yenyewe umri huu. Gego likianza kucheza, vimeamka, usingoje siku."

Mama akauliza, akitazama chini, swali ambalo nadhani lilikuwa ndilo swali lake tangu siku ya kwanza. "Akitibiwa, atazaa?"

Nilimwomba Mungu Daktari aseme ndiyo. Wengi wangesema ndiyo. Alivua miwani akaifuta kwa sweta.

"Nadhani atazaa. Wengi huzaa. Lakini dawa hii ni kali, inaweza kugusa na huko, kwa hiyo sikuapii. Ninachoweza kuapa ni kwamba asipotibiwa hatafika umri wa kuulizwa hilo."

"Umesikia?" bibi akamwambia mama. Hakuwa na hasira. Alikuwa ameridhika, kama mtu aliyepata ushahidi. "Amesema mwenyewe."

Tulirudi na hotipoti yetu. Njia nzima sikumsemesha Daktari, na tulipokaribia mjini nilishindwa kujizuia. "Ungesema ndiyo tu," nilimwambia. "Neno moja." Alitembea kidogo, kisha akasema, "Nimewaeleza kila kitu, Tupo, na kila nilichoeleza kimekwenda kusimama upande mwingine." Chupa zikakaa kwenye kabati lake, na nilipokuwa nikifuta vumbi ofisini niliziona na kugeuza uso.

Mama alikuja mwenyewe, mahindi yakiwa yameanza kubeba. Alimbeba Sekela mgongoni na alikuwa ametembea tangu alfajiri, peke yake, bila kumuaga mama mkwe wake. Hakuketi. Alimfungua mtoto mdomo mbele ya Daktari akaweka kidole kwenye gego la chini, upande wa kushoto, ambao haukuwahi kuvimba.

"Wale uliosema wamelala," alisema, "wameamka."

Jino lilicheza kidogo tu. Nje, shavuni, hapakuwa na kitu cha kuona. Tulimtundikia chupa siku hiyo hiyo. Mama hakuuliza tena ini wala nyuzi. Alimnywesha mtoto maji yeye mwenyewe na alinifukuza nilipotaka kumsaidia. Baba alikuja baadaye na mkungu wa ndizi, akauweka mlangoni pa ofisi ya Daktari, na nadhani walipatana. Sekela alipata dawa zake zote, zamu baada ya zamu, na Hamisi akaleta nyingine kwa njia ile ile ya bakuli la chapati. Alipona. Namjua mpaka leo, ni mama wa watoto wawili. Bibi yake aliishi kumwona wa kwanza, na mpaka anakufa aliwaambia watu kwamba mganga wa bondeni ndiye aliyemfungua mjukuu wake yale yaliyofungwa hospitali. Nilimsikia akisema hivyo kwenye ubatizo, huku akinipakulia nyama.

Kabla mwaka haujaisha Daktari Ambokile aliondoka kwenda Botswana. Hakuwa peke yake. Walikuwa wanaondoka kama watu wanaotoka kwenye nyumba inayovuja. Alinikabidhi ufunguo wa kabati, ambalo sasa lilikuwa tupu, na sikumlaumu, ingawa nilitaka sana kumlaumu. Alisema, "Wewe unajua kueleza sasa." Na nilikuwa najua. Miezi ile yote nilikuwa nimelifanyia kazi lile somo kichwani, kwenye foleni ya maji, kanisani, jikoni, nikitafuta namna ya kulisema bila neno kufunga wala neno kuzaa.

Haikupita muda akaja mwanamke kutoka Isongole, mchuuzi wa viazi, na mwanawe wa kiume mwenye taya lile lile. Nililijua kabla hajafungua kitambaa. Daktari mwingine hakuwa amefika bado, alikuwepo tabibu mmoja aliyekuwa akihudumia wodi zote, naye aliniambia nianze kuzungumza na mama wakati yeye anachukua kipimo. Nilimkalisha kwenye lile benchi. Alikuwa amevaa koti la mtumba, zito, lenye zipu. Nikamwonyesha zipu yake. Nikamwambia ndani ya ugonjwa kuna zipu ndogo ndogo sana, na ugonjwa hauwezi kukua mpaka zipu zifunguke. Nikamwambia dawa inaingia imelala, ini linaiamsha, inakwenda kuinasa ile zipu katikati ya meno yake, kama zipu inavyonasa kitambaa, na ugonjwa unavuta, unavuta, haufunguki, unakufa. Nikamweleza kwamba zipu nyingine siku hiyo hazijaguswa, ndiyo maana ni lazima turudie hata kama ataona mtoto amepona. Nikamweleza maji, nikamweleza nywele. Alinisikiliza kwa makini, akiichezea zipu ya koti lake juu chini. Aliuliza maswali mawili, yote ya maana. Hakuogopa. Hakuna kilichopotea njiani. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka uanze nilimwona mtu akielewa yote, moja kwa moja, kama nilivyoelewa mimi, na moyo wangu ulikuwa umejaa kiasi kwamba nilisahau tulipokuwa.

"Nimeelewa, sista," alisema. Alimwinua mtoto akamweka begani, tayari kwenda popote nitakapomwambia. "Sasa hiyo dawa iko wapi?"